Gati moja, masharti 330

Nchini Kanada, takriban kilomita 40 chini ya Montreal ukifuata mkondo, kwenye ukingo wa kusini wa mto Saint-Laurent, kuna mji mdogo wa Contrecœur. Ni mji wa kiwanda cha chuma, mashamba na nyumba za watu waliohamia kutafuta nafasi. Mamlaka ya Bandari ya Montreal ilianza kununua ardhi hapo mwaka 1988, ikakaa nayo kwa zaidi ya robo karne kabla ya kuwasilisha rasmi inachotaka kufanya: kujenga gati la urefu wa mita 675, lenye nafasi ya meli mbili, pamoja na yadi ya makasha na reli, ili pahudumiwe makasha milioni 1.15 ya futi 20 kila mwaka.

Meli hazifiki kwenye gati hilo mpaka sakafu ya mto ichimbwe. Hesabu iliyowekwa mezani ni mita za ujazo 750,000 za mashapo. Ndani ya eneo la kuchimbwa mna hekta 0.9 za majani yanayoota chini ya maji, kiasi kinachozidi kidogo kiwanja cha mpira. Ukitazama ukubwa wa Saint-Laurent, ni kipande kisichoonekana hata kwenye ramani. Lakini kipande hicho ni malisho ya samaki asiyepatikana kokote duniani isipokuwa Quebec, na kwa sababu yake tathmini ya mazingira ya gati hili imekuwa moja ya zile zinazotazamwa kwa makini zaidi Kanada.

Wengi huidhani tathmini ya athari kwa mazingira kuwa ni lango, ambapo mradi ama unapita ama unazuiwa. Ya Contrecœur ilianza Januari 2016 na kumalizika Machi 2021, na mradi ukapita. Ukapita ukiwa umebeba masharti 330 yenye nguvu ya sheria. Anayetaka kujua kama mto ulilindwa hawezi kuishia kwenye sahihi ya waziri. Inambidi ayafuate masharti hayo moja moja, aone ni nani anayeyasimamia na kwa muda gani.

Bandari iliyo mbali na bahari

Montreal iko kilomita zipatazo 1,600 ndani ya bara kutoka Atlantiki, na umbali huo ndio mtaji wake. Meli inayotoka Ulaya huingia na mto hadi karibu na viwanda na masoko ya Quebec, Ontario na majimbo ya kaskazini ya Marekani, na shehena hushushwa hatua chache kutoka reli. Tangu mwaka 1964 bandari hufanya kazi hata wakati wa baridi kali, na nahodha wa meli ya kwanza kufika kutoka ng'ambo kila mwaka mpya hukabidhiwa fimbo yenye kichwa cha dhahabu, desturi iliyoanza zamani wakati barafu ilipokuwa ikifunga mto kwa miezi.

Ila bandari ya mtoni ina mipaka miwili. Wa kwanza ni kina, kwa kuwa njia ya meli kufika Montreal ina mita 11.3, na meli kubwa kabisa za makasha haziwezi kupita. Wa pili ni nafasi. Magati ya makasha ya Montreal yamebanwa kati ya maji na jiji, nyuma yake kuna nyumba, barabara na reli. Mamlaka ya bandari ilijenga hoja yake hapo, kwamba uwezo uliopo utajaa, kisiwa cha Montreal hakina pa kuongezea, na ardhi iko tayari Contrecœur, jirani na barabara kuu ya 30 na njia ya reli. Serikali ya Kanada inasema gati jipya litaongeza uwezo wa bandari kwa takriban asilimia 60.

Wapinzani nao wana hesabu zao. Baada ya 2022 shehena ya makasha Montreal ilishuka badala ya kupanda, na migomo ya makuli na kufungiwa kwao nje ya kazi kukawasukuma baadhi ya wenye mizigo kutumia bandari nyingine. Wanauliza kwa nini mto uchimbwe kwa ajili ya makasha ambayo hayajaja. Ni swali halali, kwa kuwa sheria ya tathmini humtaka mwenye mradi aeleze lengo la mradi na njia nyingine za kuutekeleza. Lakini makadirio ya biashara ya miaka 20 ijayo hayana wa kuyapinga kwa uhakika siku yanapoandikwa. Mwenye mradi huyaleta, mpinzani huyatilia shaka, na mpimaji hubaki na mambo anayoweza kuyapima, kama tope, kelele, vumbi na samaki.

Meno ya kooni

Samaki mwenyewe watu wa Quebec humwita chevalier cuivré, na wanasayansi humwita Moxostoma hubbsi. Vianney Legendre, mtaalamu wa samaki wa Quebec, ndiye aliyemtambulisha kwa sayansi mwaka 1942. Magamba yake hung'aa rangi ya shaba, mdomo wake umeelekea chini, na aliyekomaa anaweza kuzidi sentimita 70. Ukimfungua mdomo hukuti jino. Meno yako kooni, yamepangwa juu ya mfupa mzito, mapana na bapa kama magego. Kwa magego hayo husagia konokono na kombe wadogo, ambao ni sehemu kubwa mno ya chakula chake.

Chakula hicho ndicho kilichomfunga na yale majani ya chini ya maji. Mmea unaotawala kwenye malisho yake ni vallisneria, wenye majani marefu membamba kama utepe yanayolala kufuata mkondo. Ua lake la kike hupanda hadi juu ya maji kwa kikonyo kirefu, na maua ya kiume hukatika chini na kuelea mpaka yalifikie. Likishachavushwa, kikonyo hujikunja kama springi na kulivuta tunda kurudi chini. Juu ya tepe hizo huota utando wa mwani mwembamba, na konokono huja kuula. Chevalier huja kula konokono. Ukiyang'oa majani, hukuondoa mmea peke yake, umeondoa jiko zima.

Shida ya pili ni umri. Chevalier huishi zaidi ya miaka 30 na huanza kuzaa akikaribia miaka 10. Hutaga mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, maji yakishapata joto, kwenye maporomoko machache ya mto Richelieu unaoingia Saint-Laurent huko Sorel. Mayai huja wakati dawa za mashambani zimeshaanza kutiririka mtoni, na kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakikuta wazee wengi na vijana wachache. Kundi la namna hiyo linaweza kuonekana lipo kwa muda mrefu huku likiwa halijizalishi tena.

Quebec haikukaa kimya. Mwaka 2001 ngazi ya samaki yenye jina la Legendre ilifunguliwa kwenye bwawa la Saint-Ours ili samaki waweze kupanda Richelieu kwenda kutaga. Mwaka uliofuata hifadhi ndogo ilianzishwa kwenye maporomoko ya Chambly. Kuna programu ya kuwazalisha kwa mkono na kuachia vifaranga mtoni, na kulikuwa hata na bia iitwayo Rescousse iliyouzwa ili sehemu ya mapato iende kwenye ulinzi wake. Serikali ya shirikisho ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2007, na mkakati wa kumwokoa uliotolewa 2012 ukataja makazi yake muhimu. Majani ya Saint-Laurent yalikuwemo.

Kwa hiyo mradi ulipoanza kutathminiwa mwaka 2016, hakuna aliyekuwa na haja ya kugundua samaki huyo. Alikuwa ameandikwa tayari, na mahali anapokula palikuwa pameandikwa.

Siku 365 zilizochukua miaka mitano

Tathmini ilifanywa chini ya sheria ya Kanada ya mwaka 2012. Kwa mradi wa daraja hili sheria hiyo ilitoa siku 365 tu. Inasikika ni haraka, lakini saa husimama kila mwenye mradi anapoambiwa alete taarifa zaidi, na huanza tena anapozileta. Wataalamu wa wizara ya uvuvi huuliza kuhusu mashapo, wa wizara ya afya huuliza kuhusu vumbi na kelele za usiku, mwenye mradi hurudi kwa washauri wake, miezi inapita na saa imesimama. Katikati ya safari sheria yenyewe ilibadilishwa, na Agosti 2019 wakala uliokuwa ukisimamia kazi ukawa Wakala wa Tathmini ya Athari wa Kanada. Mradi wa Contrecœur uliendelea chini ya sheria ya zamani.

Msomaji wa Tanzania au Kenya ataitambua njia hii mara moja. Mwenye mradi ndiye anayewalipa washauri, na ndiye anayewasilisha ripoti. Serikali haifanyi utafiti upya. Inaipitia ripoti, inauliza, inasikiliza wananchi, kisha inaandika maoni yake. NEMC ya Tanzania na NEMA ya Kenya, wasimamizi wa mazingira, hufanya kazi kwa mpangilio uleule. Ubora wa tathmini basi hutegemea sana maswali ya anayepitia, kwa sababu majibu yote yanatoka kwa mtu anayetaka gati lijengwe.

Wananchi wa Contrecœur waliuliza kuhusu malori, honi za treni, taa za yadi usiku na vumbi. Mataifa ya asili ambayo mto huu ni sehemu ya maisha yao, wakiwemo Wamohawk wa Kahnawake na Waabenaki, yalitakiwa kushirikishwa kwa mujibu wa sheria. Swali lao lilikuwa pana zaidi ya samaki mmoja: nini hutokea kwa watu ambao kuvua, kusafiri na kukusanya mimea mtoni ni haki na ni urithi, wakati kila mradi unachukua kipande kidogo na kila ripoti inasema kipande hicho ni kidogo?

Tarehe 1 Machi 2021 waziri wa mazingira wa wakati huo, Jonathan Wilkinson, alitoa uamuzi. Mradi, alisema, hauelekei kuleta madhara makubwa kwa mazingira, mradi hatua za kupunguza athari zitekelezwe. Sehemu ya pili ya kauli hiyo ndiyo yenye uzito. Hakuna aliyesema kuwa kuchimba malisho ya samaki anayetoweka ni jambo dogo. Kilichosemwa ni kwamba yakichimbwa kwa namna hii, kwa wakati huu, kwa fidia hii na kwa uangalizi huu, madhara yatakayobaki hayatakuwa makubwa. Ondoa masharti, na hukumu yote inaanguka.

Masharti ni nini hasa

Hati ya uamuzi wa aina hii haisomeki kwa raha. Ina sura kuhusu samaki, ndege wahamao, afya ya binadamu, matumizi ya ardhi ya mataifa ya asili, viumbe walio hatarini, ajali, na uwekaji wa kumbukumbu. Baadhi ya masharti ni ya kazi yenyewe. Kuna vipindi ambavyo hairuhusiwi kugusa maji kwa sababu samaki wanahama au wanataga. Tope linalotibuliwa lazima lipimwe, na likizidi kiwango kazi isimame. Kelele zipimwe. Mwenye mradi ashauriane na mataifa ya asili kabla ya kuandaa mipango, si baada.

Mengine ni ya ufuatiliaji, na haya hayapewi uzito kwenye habari za magazeti. Kila utabiri wa ripoti lazima uwe na namna ya kuhakikiwa. Ukisema majani yatakayopandwa yatashika, sema utapima nini, lini, mara ngapi, na utafanya nini yasiposhika. Kila mwaka mwenye mradi huandika taarifa ya utekelezaji na kuiweka hadharani. Kwa mwandishi au mwananchi mwenye subira, taarifa hiyo ya kila mwaka ina thamani kuliko maelfu ya kurasa za ripoti ya awali, kwa sababu ripoti inasema kinachotarajiwa na taarifa inasema kilichotokea.

Nguvu ya sheria nayo ina kipimo chake. Chini ya sheria ya 2012, kuvunja sharti ni kosa lenye faini ya hadi dola 200,000 kwa mara ya kwanza, na hadi 400,000 likirudiwa, na kosa linaloendelea huweza kuhesabiwa upya kila siku. Linganisha na mradi ambao Benki ya Miundombinu ya Kanada peke yake iliahidi kuukopesha dola milioni 300. Siku moja ya mashine ya kuchimbia kusimama inaweza kumuuma mkandarasi kuliko faini. Ndiyo maana sharti la kusimamisha kazi tope linapozidi lina meno kuliko sharti linalotishia mahakama. La kwanza hutekelezwa na msimamizi aliye pale pale na kipimo mkononi. La pili hungoja mpelelezi, faili na hakimu.

Je, malisho yanahamishika?

Kiini cha mzozo kimebaki kwenye zile hekta 0.9. Jibu la mamlaka ya bandari ni fidia: malisho yanayoharibiwa yatafidiwa kwa kuotesha mengine sehemu nyingine ya mto. Vallisneria huoteshwa kwa mbegu au kwa vipando vyenye mizizi, na kazi ya kupanda majani ya majini imefanywa katika mito na ghuba nyingi za Amerika Kaskazini. Kupanda kunawezekana.

Ugumu uko baada ya kupanda. Mmea huu huhitaji mwanga ufike chini, sakafu isiyosombwa, mkondo wa wastani na mawimbi yasiyong'oa mizizi michanga. Mahali penye sifa zote hizo kwa kawaida pameshaota majani tayari. Mahali pasipoota pana sababu ya kutoota, na anayepanda hana budi kuiondoa kwanza. Hata majani yakishika, jiko halijakamilika. Utando lazima uote juu ya majani, konokono waje, wawe wengi na wa ukubwa unaomfaa samaki, kisha samaki mwenyewe apagundue na arudi.

Hapo ndipo kipimo cha mafanikio kinapogombaniwa. Mhandisi akihesabu mashina kwa kila mita ya mraba baada ya misimu michache na kukuta yametosha, atasema sharti limetimizwa. Mwanabiolojia atasema samaki anayeanza kuzaa akiwa na miaka 10 hajatoa jibu bado. Chevalier mkubwa anayeogelea leo anaweza kuendelea kuonekana kwa muongo mzima hata kama malisho yake yamepungua na hazai tena. Ufuatiliaji wa miaka michache utaandika kuwa yupo, na utakuwa umesema kweli isiyosaidia kitu.

Kuna pia suala la nini kitangulie. Malisho mapya yakioteshwa na kukubalika kabla ya yale ya zamani kuchimbwa, samaki hapotezi msimu. Uchimbaji ukitangulia, samaki analipa kwanza na kulipwa baadaye, ikiwa atalipwa. Kwa mkandarasi hiyo ni tofauti ya ratiba. Kwa kundi la samaki wachache, wazee, kila msimu una hesabu yake.

Amri iliyochelewa

Mwaka uleule wa uamuzi, mambo yaligeuka kwa upande mwingine. Sheria ya Kanada ya viumbe walio hatarini inataka makazi muhimu yakishatajwa, serikali iyawekee ulinzi wa kisheria ndani ya muda uliopangwa. Makazi ya chevalier yalitajwa 2012, na miaka ikapita bila amri. Makundi ya watunza mazingira yalikwenda Mahakama ya Shirikisho kuidai, na mwaka 2021, miezi kadhaa baada ya mradi kuruhusiwa, amri ikatolewa.

Tangu hapo haitoshi kuwa na uamuzi wa waziri wa mazingira. Anayetaka kuharibu sehemu ya makazi hayo huhitaji kibali cha wizara ya uvuvi, na sheria inakipa mitihani mitatu: njia nyingine zote za maana ziwe zimefikiriwa na iliyo bora ichaguliwe, hatua zote zinazowezekana za kupunguza madhara zichukuliwe, na shughuli hiyo isihatarishe uhai wala kupona kwa kiumbe husika. Mtihani wa tatu haumuulizi mtu kama fidia ni kubwa. Unamuuliza kama samaki atapona.

Mpangilio huu una funzo. Ulinzi wa makazi ungetangulia, tathmini ingeanza ikijua mstari uko wapi. Ulipokuja nyuma, ukawa kama kipingamizi kipya kwa mradi uliokwisha ruhusiwa, na kila anayedai sheria itekelezwe akaonekana anachelewesha maendeleo.

Shinikizo la maendeleo liliongezeka 2025. Ushuru wa Rais Donald Trump uliifanya Kanada itafute masoko nje ya Marekani, na bandari zikawa suala la usalama wa uchumi. Tarehe 11 Septemba 2025 Waziri Mkuu Mark Carney aliitaja Contrecœur miongoni mwa miradi mitano ya kwanza kupelekwa katika ofisi mpya ya miradi mikubwa, inayotakiwa kuharakisha vibali. Mwaka huohuo mamlaka ya bandari iliichagua DP World ya Dubai kuwa mshirika wa kujenga na kuendesha eneo la nchi kavu. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayofuta masharti 330. Lakini ofisi iliyoundwa kuharakisha ina kipimo chake cha mafanikio, na kipimo hicho huhesabiwa kwa miezi. Samaki huhesabu kwa vizazi.

Mto hauishii kwenye ramani ya mradi

Kila tathmini huchora mpaka: hapa ndipo athari zetu zinapoishia. Mkabala na Contrecœur kuna visiwa vidogo vilivyo hifadhi ya taifa ya wanyamapori tangu 1981, mazalia ya bata. Kwa miongo mingi kingo zake zimekuwa zikiliwa na mawimbi, yakiwemo yanayosukumwa na meli. Tangu mwaka 2000 meli kati ya Montreal na Sorel zimeombwa kupunguza mwendo kwa hiari kwenye vipande vyenye visiwa. Hiyo ni hatua iliyotokana na makubaliano ya wenye meli, si sharti la gati fulani.

Mbali zaidi, meli zinazotoka ng'ambo kupanda Montreal huchukua rubani Les Escoumins, karibu na mdomo wa Saguenay, na hapo ni makazi ya nyangumi weupe, beluga, nao wakiwa hatarini. Kelele za injini huwasumbua katika kuwasiliana na kutafuta chakula. Mamlaka ya bandari haishiki usukani wa meli iliyo huko. Hata hivyo meli isingekuja kama gati lisingekuwepo. Tathmini ya gati moja hupata taabu kulibeba swali hili, na jibu lake linahitaji mpango wa mto mzima: meli ngapi, kwa mwendo gani, msimu upi. Mpango huo hauwezi kuandikwa na mwenye gati mmoja.

Ni jambo ambalo pwani yetu imelilipia. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa athari za bandari mpya. Wavuvi walikuwa wamelalamikia uchimbaji uliochafua maji na kuvuruga mikoko na maeneo yao ya uvuvi. Mahakama ilikosoa namna wananchi walivyoshirikishwa na namna tathmini ilivyofanywa. Gati la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, chini ya miezi mitatu baada ya waziri wa Kanada kuitolea Contrecœur uamuzi. Lamu fidia iliamuliwa na mahakama baada ya mashine kuanza kazi. Contrecœur fidia iliandikwa kabla. Tofauti hiyo ni kubwa, na inastahili kusemwa na wale wanaoona tathmini ni karatasi tu.

Dar es Salaam nayo ina uhusiano wake na habari hii. DP World iliyochaguliwa Contrecœur ndiyo iliyotia saini mwaka 2023 mikataba ya miaka 30 ya kuendesha gati namba 0 hadi 7. Mwendeshaji ni mmoja, sheria ni tofauti. Kampuni hufuata masharti ya nchi iliyomo, kwa kadiri nchi hiyo inavyoyasimamia. Mtanzania anayetaka kujua masharti ya mazingira ya upanuzi wa bandari yake ana haki ya kuuliza maswali yaleyale ambayo mkazi wa Contrecœur anauliza.

Maswali manne

Kutokana na mradi huu yanapatikana maswali ambayo msomaji anaweza kuyapeleka kwenye kikao chochote cha wadau, iwe ni gati, bwawa au daraja.

La kwanza: ni lipi kati ya masharti linaloweza kusimamisha mashine siku hiyohiyo, na nani ana mamlaka ya kulitumia? La pili: fidia inatangulia uharibifu au inaufuata? La tatu: muda wa ufuatiliaji umewekwa kwa kufuata maisha ya kiumbe kinacholindwa, au kwa kufuata mkataba wa mkandarasi? La nne: taarifa ya kila mwaka itawekwa wapi, kwa lugha gani, na mvuvi ataipataje bila kuiomba kwa barua?

Ahadi ni deni, na tathmini ya mazingira ni ahadi iliyoandikwa kwa urefu. Serikali ya Kanada iliandika 330 katika mradi mmoja, na kwa kufanya hivyo imekiri kwamba gati hilo bila ahadi hizo halikustahili kujengwa. Mamlaka ya bandari imezikubali. Kinachobaki si cha wanasheria pekee. Ni cha mkaguzi anayekwenda mtoni na kipimo, mwandishi anayeisoma taarifa ya mwaka wa saba kwa makini ileile aliyoisomea ya mwaka wa kwanza, na mwananchi anayejua kuwa mkutano wa hadhara uliofanyika kabla ya mhuri haukuwa mkutano wake wa mwisho. Wakichoka hao, gati litasimama na masharti yatabaki kwenye faili, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa kwa kishindo cha kumwamsha mtu yeyote.